Seneta Amekufa, na Munungwe Hakuna

Yaya Albertine,

Kama barua hii inakukuta unasonga bukari, acha kwanza mwiko, ukae chini, ju habari niko nayo haitaki muntu mwenye kusimama. Mbele ya yote: mwili unasemaje? Mama anakula vizuri? Na mugulu ya shemeji Donatien imepona, ao anaendelea kuikokota ili asiende kulima? Mwambie ni minye nimesema. Minye niko muzima, nimenona mpaka shingo imepotea. Bazungu banauliza siri ya nguvu yangu, ninabajibu: samaki ya kukausha ya ziwa yetu Tshangalele. Habajui ni wapi, lakini banatingisha kichwa kama banajua.

Uliuliza kama ni kweli ninajua bakubwa ya Amerika. Yaya, umeuliza muntu mwenyewe. Juma iliyopita nilisema mbele ya maiti ya seneta, kanisa nzima inanisikiliza. Usicheke, nitakueleza pole pole.

Nyumba yetu ya ghorofa ilikuwa mali ya seneta moja wa hapa. Mwenye kuitunza alikuwa muzee wa Haiti, Papa Wilner. Tunasikilizana kwa Kifaransa: yake imekunjamana, yangu ilibaki njiani pamoja na masomo. Chini ya nyumba kuna mashini kubwa ya kuchemsha maji, njo inaleta joto mu vyumba vyote. Papa Wilner alimwambia seneta: mashini inalia vibaya, siku moja itapasuka. Seneta akajibu: ngoja uchaguzi ipite. Ikapasuka. Mama moja wa chini akaungua mikono yote mbili. Seneta akasimama mbele ya televizyo, akasema: "Kosa ni ya mutunza nyumba, alikuwa analala." Papa Wilner akafukuzwa kazi. Hata ku kanisa, bantu bakaanza kuhama benchi yake.

Lakini huku, Yaya, hata mukubwa anaitwa na tribinali. Seneta akashitakiwa, siku ya kesi ikapangwa. Papa Wilner akapiga koti yake pasi, akaitundika ku mulango. Akaniambia: "Sitaki afungwe. Nataka tu bantu basikie, mbele ya hakimu, kama nilimwambia."

Kesi inakaribia, seneta anakunywa kahawa yake ya asubuhi, pu! Ameanguka. Moyo. Na sheria ya huku ni ile: mufu hahukumiwi. Hakimu akafunga kesi. Papa Wilner akaangalia koti yake, akaniuliza: "Sasa nani atasema?"

Minye nikacheka. "Papa, usihangaike. Twende ku kilio. Kwetu, pale tribinali inafunga, kilio njo inafungua."

Nikamweleza mambo yetu. Sisi ba ukoo ya Mbuzi, bena Mbuzi, na bena Chui, tangu zamani chui anakula mbuzi, ju ya ile tuko banungwe: tunatukanana bila kukasirika, na siku moja wetu anakufa, munungwe wake njo anamusema kweli mbele ya sanduku. Nikamwambia ginsi Tata Kaponda wa bena Chui alilala chini kuzuia njia siku tunamuzika Baba. Unakumbuka? Alivaa kofia ya Baba ya kazi ku machimbo ya Kakontwe, akatembea kama yeye, akapaza sauti: "Mbuzi huyu alinuna na mudogo yake mpaka kufa! Nani atamulilia?" Bantu bakacheka, halafu baba mudogo akaanza kulia, na ile ugomvi ikazikwa pamoja na Baba.

Papa Wilner akauliza: "Na munungwe wa seneta ni nani?"

"Papa! Umezeeka huku na huoni? Siasa yao iko na bena Tembo na bena Punda! Nyama iko ku mabango. Banatukanana ku televizyo asubuhi na mangaribi. Kama ile si bunungwe, ni nini?" (Seneta alikuwa nyama gani, siandiki. Barua inapita mu mikono mingi.)

Tukaenda ku kanisa. Bapinzani yake bakafika, nguo nyeusi, viatu inameta. Nikamugusa Papa Wilner: "Ngojea sasa." Akasimama ule mwenye kumwita mwizi kila juma. Akasema: "Tumepoteza muntu wa haki." Akasimama mwingine: "Tumepoteza rafiki." Yaya, hakuna aliyelala chini! Hakuna aliyevaa kofia yake! Nikasikia haya, kama vile bashemeji bamefika ku ndoa na mikono mitupu. Kandokando yangu Papa Wilner alikuwa anaminya kofia yake kama kitambaa ya kufulia.

Njo nikasimama. Kingereza yangu unaijua, inatembea na fimbo, lakini inafika.

"Weye seneta, amuka! Ulisema huogopi muntu, leo umeogopa hakimu mpaka kukimbilia mu sanduku? Kule unaenda, kama mashini ya moto inalia, sikiliza mwenye kukuambia! Na usimusingizie tena Papa Wilner. Yeye hayuko kule. Yuko hapa, nimekaa naye!"

Banaume bawili bakanishika mikono. Pale mbele bibi moja muzee akainua fimbo. Alikuwa mama ya seneta.

"Mumuache. Papa Wilner ni nani?"

Papa Wilner akasimama. Ule mama akamwangalia sana.

"Mutoto yangu aliniambia ku meza," akasema. "Ulimwambia mapema. Alijua." Akakaa chini, akajifunika uso.

Bote bakasikia. Yule mama wa mikono ya kuungua akakuja kukaa karibu na Papa Wilner, benchi moja. Minye bakanitosha inje, lakini kwa heshima, mulango nilifunguliwa kama waziri.

Papa Wilner alinikuta inje mu teluji, koti yake imenyooka. Tulianza kutembea. Halafu akaniuliza: "Na minye, niko nyama gani?"

Yaya, nilimupa chui. Tangu ile siku ananitukana kila asubuhi, ananiita mbuzi wa tumbo kubwa, na chai inashuka vizuri.

Unisalimie Mama, umushike mikono yote mbili kwa niaba yangu. Salimia shemeji wa mugulu, na batoto ya dada yetu wa Kambove. Tata Kaponda, munungwe wetu, umwambie matusi yangu ayatunze, ninarudi kuyachukua mwenyewe. Lakini kama Mungu anapanga nifie huku, musipoteze usingizi: niko na muntu wa kunisema.

Mudogo yako, mbuzi munene wa Amerika,
Sylvestre