Mistari Iliyotokea Bila Kumulikwa

Khon Kaen,
14 Septemba

Mpendwa Dada Kanlaya,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Bergen, na kwamba goti halikusumbui sasa baridi inapoanza. Huku mvua haijakatika wiki nzima. Mama hajambo, ila haachi kunisema: "Umekonda kama kijiti cha ubani. Kula wali huo." Nautafuna, haupiti.

Dada, sina mwingine wa kumwambia. Kazi yangu ya miaka mitatu imeanguka.

Unajua nilikuwa natafuta njia ya kuona ni RNA zipi, zile nyuzi zinazobeba maagizo ya jeni, zinazoshikana na protini ndani ya bakteria wa matope ya mpunga, wale waliomuua baba. Tunawamulika kwa miale ya urujuanimno ili vilivyogusana vigandane, kisha tunaivuta protini kwa shanga ndogo za sumaku na kusoma RNA iliyokuja nayo. Wengi walishindwa. Mimi nikapata mistari safi ya RNA kwenye picha, na makala yetu ikachapishwa.

Mwezi uliopita nikarudia jaribio ambalo zamani nililifanya mara moja tu, tena kwa haraka: bakteria wale wale, bila kuwamulika. Hapakupaswa kuonekana kitu. Mistari ikatokea ile ile. Nikarudia mara nne. RNA ilikuwa imenata yenyewe kwenye shanga, si kwenye protini, basi.

Nilimpelekea matokeo Profesa Wichian, msimamizi wangu. Akauliza, "Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. "Nastaafu Machi. Ungeweza kungoja Machi."

Nikamkumbusha kuwa Hạnh, yule mwanafunzi wa Hanoi, amejenga masomo yake yote juu ya njia yetu. Akanisogezea karatasi. "Andika tuiondoe makala. Sahihi yangu itangulie."

Kumpigia simu Hạnh ndiko kulikonivunja. Nilipomaliza akasema taratibu, "Miezi kumi na minne, dada. Mimi naosha shanga kwa maji ya chumvi kali, kwangu hakutokea kitu kabisa. Nikajua mikono yangu ni mibovu. Ijumaa nimepeleka barua ya kuacha masomo."

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi, chumvi yake iliiondoa RNA iliyonata bure, nami nilimwambia hivyo huku nalia. Akakata simu. Siku tisa sikupata neno lake. Nilikuwa nakwenda maabara, nakaa mbele ya mashine, narudi nyumbani. Sikugusa kitu.

Jana umekuja ujumbe wake: "Barua ya kuacha nimeiondoa. Nitumie shanga zako. Safari hii tunaanza na wasiomulikwa."

Sijui kama nitaongezewa mwaka wa kuianza kazi upya, Dada. Leo nimezifunga shanga, nimezituma.

Msalimie shemeji Torstein, na umbusu Ingrid mdogo. Mama na shangazi Bualai wanakusalimu. Wema wa Buddha ukukinge huko uliko.

Mdogo wako akupendaye bila kupungukiwa,
Rattikan