Taa ya Kijani ya Baba

Gunsan,
9 Novemba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Gi-cheol,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko São Paulo? Wifi yangu na watoto wanaendeleaje? Sisi ni wazima wa mwili tu. Mama anakula kidogo na usingizi haumjii.

Tumemzika Baba. Nilikupigia tangu siku ya kwanza, hukupokea. Nimekasirika, sitakuficha.

Msiba wenyewe ulianza kwa fedheha. Watu walishaanza kunywa supu, na kule mbele kwenye maua fremu ilikuwa tupu. Picha aliyojichagulia Baba ya kuwekwa hapo ilikuwa ndani ya kompyuta yake. Hospitalini aliniambia neno la siri: jina lako. Ndiyo, lako, wewe uliyekikataa kinu chake cha mchele hata akaapa hana mtoto wa kiume.

Nikaandika kama tuandikavyo sote, kibodi ikiwa kwenye Kiingereza, vidole vikifuata herufi zetu za Kikorea zilizochapwa kwenye vitufe hivyo hivyo. Ikakataa. Nikabadilisha lugha, ikakataa. Bwana Pyo, fundi wa pale sokoni, akaizima na kuiwasha, akaleta na kibodi nyingine. Wapi!

"Dada, tuifute yote tuanze upya," akasema.

"Uifute na picha ya marehemu? Thubutu!"

Hapo moyo uliniuma. Nilidhani Baba alibadilisha neno la siri, akakufuta tena kabla hajafa.

Mama ndiye aliyechungulia akauliza, "Mbona taa ya kijani haiwaki? Baba yenu haandiki mpaka aiwashe. Anasema ndiyo mashine imeamka."

Lo! Kumbe ni taa ya kitufe cha herufi kubwa za Kiingereza. Kikorea hakina herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo haikumsumbua miaka yote hiyo. Jina lako aliliweka kwa herufi kubwa tupu bila kujua. Nikaiwasha, nikaandika, ikafunguka. Fundi alicheka. Mimi na Mama tulilia.

Shangazi Bun-nyeo anakusalimu, ingawa amenuna. Wabusu watoto. Mbingu zikulinde njiani, maana nataka uje kabla siku arobaini na tisa za Baba hazijatimia, tutakapoiaga roho yake kwa ibada ya mwisho. Kila gari likisimama nje, Mama anachungulia dirishani.

Kompyuta ipo pale pale mezani kwake. Neno la siri sijalibadilisha.

Akupendaye hata akigomba,
dada yako Myeong-suk