Kizingiti cha Ghala la Haridas

Jumanne, 1 Agosti 1911
Ufunguo tumeupata! Haridas amehamia Mombasa na wanawe, ghala lake la karibu na soko limebaki tupu, na Padre amemwomba aliachie kanisa. Amekubali. Ghala zima! Wanaokuja sokoni na mahindi kutoka Ganze watapata pa kulala na pa kupikia, na jioni atakaye afundishwe kusoma. Sasa wanalala upenuni mwa duka la Rajabali, wanawake na watoto, manyunyu yakiwapiga. Nyevu, anayeniletea kunde, mtoto wake anakohoa mpaka kifua kinaniuma mimi. Huyo ndiye ninayemtakia nyumba hii kwanza.

Alhamisi, 3 Agosti
Panya! Buibui! Tumefagia, tumepaka chokaa, mgongo si wangu tena. Dena ametengeneza benchi. Linayumba, lakini ni mume wangu, nikalisifu. Jioni tulisimama tu tukitazama. Pazuri, mashallah. (Padre asisikie. Ndiyo maneno ya Malindi, yamenikaa mdomoni.)

Jumamosi, 5 Agosti
Tumefungua. Tumeimba. Nimepika wali wa nazi, na watu wa Ganze wakaja, wakala vizuri sana — nje! Hakuna hata mguu mmoja uliovuka mlango. Nyevu, nikasema, ingia mwanangu, umlaze mtoto. Akacheka akitazama chini, akasema hapo nje pana upepo mzuri. Upepo! Na mtoto anakohoa! Jua lilipotua wakajikusanya, wakarudi upenuni kwa Rajabali. Nimekasirika hata nimevunja sahani.

Jumatano, 16 Agosti
Bado ni sisi na panya. Padre alipita leo akitoka Jilore. Kwa upole wake akasema kuna mnunuzi wa mbata analitaka ghala. Ikifika mwisho wa mwezi hapana watu, atarudisha ufunguo.

Alipoondoka nikamgeukia Dena. Wewe Mgiriama, mimi nimelelewa misheni Kisauni, mambo yenu siyajui. Pale mlangoni pana nini? Akakuna kichwa. Akakuna tena. Mwishowe akatoa: Haridas alipochoka na wezi alimwita mganga, mzee Fondo, akamzikia fingo chini ya kizingiti. Chungu cha dawa. Ukivuka bila ruhusa tumbo linavimba. Ganze nzima inajua.

Na wewe, mbona unavuka? Akasema yeye anaruka. Wallahi ni kweli! Mwalimu wa kanisa, kila akiingia anaruka kama mbuzi, na mimi siku zote nadhani ni furaha. Nilicheka mpaka nikalia.

Basi tulifukue, nikasema. La! Aliyelizika ndiye alifukue. Likiguswa na mkono mwingine, hapana mtu wa Ganze atakayekanyaga pale maisha.

Ijumaa, 18 Agosti
Mtoto wa Nyevu ana homa. Sina hamu ya kuandika. Padre hataki mganga hata kivuli chake kwenye kazi ya kanisa. Mwaka jana mwalimu wa Matsangoni aliachishwa kazi kwa kumpeleka mkewe kupigiwa ramli. Dena anaweza kupatwa na hayo hayo. Nimemwambia abaki nyumbani, kwa Fondo nitakwenda mimi. Kama ni kosa, liwe langu.

Jumanne, 22 Agosti
Nimefika kwa Fondo, miguu imevimba. Nikampa shikamoo, akaitikia kama anayetema mbegu. Mmeingia, mmefagia, mmeimba, akasema, na hakuna aliyenipigia hodi! Kumbe hilo ndilo lililomchoma. Nikamwomba radhi, naye akalainika. Anataka kuku mweusi, shuka moja ya kaniki na kibuyu cha tembo.

Mimi, Persisi, kununua tembo! Mgema alinitazama juu na chini.

Alhamisi, 24 Agosti
Fondo amekuja na jembe lake. Soko lote likahamia kwetu. Akachimba, akatoa kichungu kidogo tu, hakijai kiganja. Ndipo akasema mwenye nyumba ashike kibuyu, amimine kidogo kizingitini, aseme kwa mdomo wake kwamba mlango u wazi. Mwenye nyumba ni nani? Haridas yuko Mombasa. Watu wote wakanitazama mimi.

Nikamimina. Nikasema. Hapa hasomi mtu, basi niandike ukweli: nilifurahi. Nyevu hakungoja hata nimalize, alinipita na mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye jamvi la pembeni. Kufikia magharibi hapakuwa na pa kuweka mguu.

Jumamosi, 26 Agosti
Tumejaa! Mtoto amelala pakavu, homa imeshuka. Fondo naye amejichukulia pembe yake, analalamika maharagwe hayana chumvi.

Padre akatokea bila taarifa. Alisimama katikati ya wale watu wote, machozi yakamlengalenga. Akauliza tumefanyaje. Dena akashikwa na kikohozi. Nikasema tuliwaomba kwa adabu. Padre akanishika mikono yote miwili: kesho, Bi Persisi, usimame kanisani uwaeleze watu yote, mwanzo hadi mwisho.

Fondo akauliza mzungu amesemaje. Wakamwambia. Akasema naye atakuja kusikia.

Jumapili, 27 Agosti
Kengele ya kwanza imelia. Dena hakuigusa chai. Sema ni maombi, ananiambia, maombi tu. Na kweli niliomba, kwa machozi. Lakini Nyevu na wenzake, ambao kanisani hawajapata kuingia, wote wanajitayarisha kuja. Wao walikuwapo. Wanajua mkono uliomimina ni wa nani. Nikisimama mbele yao niseme uongo, nitawaalika vipi tena kesho? Na nikisema kweli, Dena atakula nini?

Wala sijutii. Mtoto yule anacheka.

Kengele ya pili. Fondo anapiga hodi — ananihimiza tufuatane, asije akakosa benchi la mbele.