Hedhi ya Tatu

Jumamosi, 5 Februari 1955

Bado. Nimeamka nikatazama kabla hata ya kuosha uso. Shuka safi. Sijapata kuchukia shuka safi maishani mwangu.

Niandike hesabu, maana kichwa hakishiki tena. Karatasi ya talaka moja niliipata tarehe 25 Novemba, nami niko tohara, sina damu. Hedhi ya kwanza mwisho wa mwezi ule. Ya pili baada ya siku ishirini na nane, kama ada yangu. Kisha hakuna. Januari nzima hakuna. Ya tatu ikianza tu, nimetoka edani. Hapo Matar akinitaka itabidi aje kuposa upya, na mimi niulizwe. Kabla ya hapo anaweza kunirejea kwa neno lake tu. Hata nikiwa jikoni naparua samaki.

Aliniacha kwa sababu nilikaa Chwaka siku tisa badala ya tatu. Mama alikuwa mgonjwa. Karatasi ikanifuata huko huko.

Si mtu mbaya, Matar. Fundi saa, mpole na saa za watu mpaka utamwonea huruma. Nakikumbuka hata kikohozi chake cha asubuhi. Lakini niliolewa kwa kuambiwa, nikaachwa kwa kuambiwa. Kurejewa nako niambiwe?

Alkhamisi, 10 Februari

Shangazi Bi Sichana ananitazama tumbo kila nikipita. Leo kaniuliza waziwazi. Nikamwambia sina mimba, baada ya talaka nimeona mara mbili. Kasema basi twende kwa daktari, eda haiwezi kuning'inia hivi kama nguo isiyokauka.

Jirani yetu Bi Tabia anasema mtaani wanajua eda ni miezi mitatu, na yangu, kwa miezi ya mwandamo, inakwisha tarehe 22. Shangazi kamkata. Miezi ni ya aliyekatika damu, na ya mtoto ambaye hajaona. Anayeona huhesabu alichokiona. Bi Tabia kaondoka hakuridhika.

Jumatatu, 14 Februari

Daktari Khorshed ni Mhindi wa Kiparsi, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake cha mjini hasa. Kanipima. Hakuna mimba. Nililia kidogo, sijui kwa nini.

Kanieleza. Tumbo la uzazi kila mwezi hupakwa upya kwa ndani, kama kuta zetu zinavyopigwa chokaa. Yanayopaka ni maji mawili ya mwili, yanatoka kwenye vifuko vya mayai ya mwanamke na kwenda na damu. Ya kwanza hujenga utando. Ya pili huja baadaye, huushika na kuulainisha, kumngojea mgeni. Mgeni asipokuja, maji yote mawili hupungua. Mishipa hujikaza, utando hukosa chakula, hubomoka, hutoka. Chini hubaki msingi, na juu ya msingi huo kazi huanza tena.

Wangu umejengwa, kasema, lakini yale maji ya pili hayakuja. Ukuta umesimama tu. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo ndiyo inayotoa amri, na mtu akiwa na huzuni nayo hunyamaza.

Nikamuuliza wamejuaje mambo ya ndani hivyo. Kasema madaktari wa ng'ambo walichukua kipande cha utando wa kima jike wakakipandikiza ndani ya jicho lake mwenyewe, wakawa wanakitazama mwezi baada ya mwezi. Waliona kila kitu, kubomoka na kupona. Maskini kima. Lakini yeye angalau hana eda.

Atanipiga sindano ya maji ya pili siku tatu. Kisha ataacha. Si sindano inayoleta damu, kasema, ni kuikosa. Ningoje siku tatu, pengine hata kumi.

Alkhamisi, 17 Februari

Sindano ya tatu na ya mwisho. Ni ya mafuta, nzito. Nakaa upande.

Nilikuwa na wasiwasi: damu ya kuvutwa na dawa, ni hedhi kweli? Shangazi kenda kwa sheikh wake, kauliza nyuma ya pazia kana kwamba ni mambo ya mtu mwingine. Jibu: ikija na sifa za hedhi ni hedhi, na anayesadikiwa ni mwanamke mwenyewe. Hakuna shahidi mwingine.

Neno hilo limenikaa. Hakuna shahidi mwingine.

Jumanne, 22 Februari

Bado. Bi Tabia kaniletea udi, eti hongera, miezi mitatu imetimu leo. Nimeupokea. Nimeutia sandukuni.

Ijumaa, 25 Februari

Asubuhi bado. Adhuhuri kiuno kizito, matiti yanauma. Nimetazama mara nne. Safi.

Baada ya alasiri — Matar kaja. Yuko chini na kaka yake Makungu, wamekaa na Ami Shaame, ndugu wa baba na walii wangu wa ndoa. Shangazi alijibanza kwenye ngazi akasikiliza, kapanda anahema.

Matar kasema karatasi ile aliiandika kwa hasira, na hasira ilikwisha kabla wino haujakauka. Kasema miezi mitatu yote alikuwa anaweza kunirejea, na kila siku kaka yake alimhimiza. Hakutaka. Kangoja imalizike Jumanne ili aje leo aniulize mwenyewe, nikikataa ajue nimekataa.

Fundi saa, na hesabu kaikosea!

Kauliza. Nimekaa juu ya kitanda nacheka na machozi yananitoka. Kauliza.

Ami kamtuma Shangazi aniulize jambo moja kabla ya yote: eda imekwisha? Nikisema imekwisha, imekwisha. Nani atanipinga? Pengine ndani mwangu ukuta unabomoka sasa hivi. Pengine ni saa moja tu, au kesho. Nikisema bado, atajua kwamba neno lile bado liko mdomoni mwake, na Makungu yuko pale pembeni kumhimiza.

Shangazi kaniambia polepole: "Mwanangu, sema vyovyote. Miye nshakuwa mzee, sitouliza mara ya pili."

Nimemwambia: "Waambie bado. Waambie miezi si hesabu yangu, nangoja ya tatu."

Kashuka. Nasikia sauti yake, kisha ya Ami. Kisha Makungu, haraka haraka: mrejee basi, sema, unangoja nini?

Tumbo limekaza, linaachia, linakaza. Siwezi kuinuka kutazama, nitakosa kusikia. Matar kakohoa kile kikohozi chake, kama anayetaka kusema. Naweka kalamu nisikilize.