Ampea za Mkono wa Babu

Nyumbani kwa Babu,
Chumba cha uani.
14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na unalala vizuri. Sisi hapa tu wazima. Mama bado anasema hujui kuvaa sweta mpaka uambiwe.

Mota za servo ulizonitumia, zile ndogo za kugeuza viungo vya mashine, zilifika salama. Kwenye simu nilisema "asante" tu, nikampa Mama simu. Unanijua. Kwenye karatasi ulimi wangu ni mwepesi zaidi: asante sana, Mjomba.

Sikukueleza nilizitakia nini. Tangu apate kiharusi, Babu hafikishi kijiko kinywani. Mkono unatetemeka, supu inaishia kifuani. Kulishwa hataki. Bibi akiinua kijiko, yeye hugeukia ukutani. Baba yako amekonda, Mjomba. Kwa kuwa nimemaliza shule na asubuhi sina pa kwenda, nikaamua kumtengenezea mkono wa mbao wa kukaa mezani, umwinulie kijiko akibonyeza kitufe.

Nilipouwasha mara ya kwanza, uliinuka nusu, ukatetemeka, ukaangukia bakulini. Babu akautazama, akasema, "Maskini, na huu nao una kiharusi." Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda uani nikalia kidogo.

Nilidhani kosa ni la programu, nikaiandika upya mara nyingi. Kumbe mkono nilikuwa naulisha umeme kwa chaja ya simu. Mota zinataka volti tano, chaja inatoa volti tano, nikaona yamekwisha. Ampea, yaani wingi wa umeme ambao chaja inaweza kutoa, sikuzitazama. Siku moja nikachomoa mota zote nikabakiza moja, nayo ikatembea bila kutetemeka hata kidogo. Hapo nikaelewa: zikianza kuinua mzigo pamoja zinavuta umeme mwingi, chaja inazidiwa, volti zinashuka, na bodi inayoziongoza inazimika na kuwaka upya.

Basi nikatafuta ampea ambazo kila mota huvuta inapokwama, si inapozunguka bure, nikazijumlisha na kuongeza kidogo. Niliogopa ampea nyingi zitaunguza mota, lakini kinachounguza ni volti zikizidi. Ampea, mota huchukua kiasi chake tu, kama mgeni mwenye adabu mbele ya sufuria kubwa.

Adapta ya kutoa ampea hizo kwa volti tano zilezile niliipata kwa fundi redio wa mtaani. Nilimwuliza kwa kunong'ona, akaniambia, "Binti, sema tu, hapa hatuuzi siri."

Jana mchana mkono uliinuka taratibu, kijiko kikasimama mbele ya Babu. Hakula. Aliusukuma kwa kiwiko mpaka ukamwelekea Bibi. "Wewe kwanza," alisema. "Supu yako imepoa mara nyingi kwa ajili yangu." Bibi akanywa. Kisha Babu akabonyeza tena, na tena, bakuli likaisha, akaomba aongezewe.

Nisalimie mkaza mjomba na yule mdogo anayetambaa. Mama na Bibi wanakusalimu. Mungu akufunike huko uliko na akurudishe kwetu ukiwa na afya. Babu anasema ukija ukae karibu naye mezani, atakulisha.

Mpwa wako akupendaye,
Kimya