Chupa ya Chai ya Abalo

Aol binti yangu huko Dubai,

Hapa Kamwokya tuko salama. Jirani Joska ananiandikia. Nimemkataza kulainisha maneno.

Meno ya mbele ya mwanao Abalo yameoza. Kosa ni langu. Kila akikulilia wakati wa kulala, nilikuwa nampa chupa ya chai ya sukari. Daktari akaniambia mimi bibi yake, "Jaja, mtoto analala na sukari mdomoni!"

Nami nilikuwa najisifu kwamba meno yako meupe ni malezi yangu. Kumbe miaka ile ya vita tulipokuwa kambini sukari haikupatikana, ulikuwa ukitafuna muhogo tu!

Meno mengine ya Abalo bado mazima. Sasa nampigisha mswaki, kisha kwenye chupa namtilia maji matupu. Lakini anakulilia bado. Acha kutuma pipi, mwanangu. Piga simu saa yake ya kulala, umwimbie.

Mama yako, mkali kwa mapenzi