Uji wa Siku ya Tatu ya Fungate

Shangazi yangu Bi Tima,

Nimeolewa! Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliuliza hata pumzi zilipokuwa zikikupa taabu. Nimeolewa na Salimu wangu, seremala wa Tononoka, na leo ni wiki ya tatu. Hina ilinifika mpaka viwikoni, na hukuwepo kuniambia nisijikune pua. Nilijikuna. Picha zote nina doa.

Nina raha, Shangazi, mpaka naona haya. Akiniita "Zuhura" hulivuta jina mwishoni kana kwamba hataki liishe. Akilala, kope zake hutikisika, nami hukaa nikizitazama kama mtu anayetazama mvua. Mama asema nimepumbaa. Nimepumbaa kweli, na sitaki dawa.

Lakini nina neno na wewe. Usidhani kwa kuwa umezikwa miezi mitano iliyopita nitakunyamazia.

Lilianza siku ya tatu ya fungate. Wajua mwenyewe siku saba zile zilivyo: bwana harusi huhamia kwetu, hatoki ila kwenda msikitini, analishwa kama sultani, nami sivuki kizingiti. Mama alikuwa ameamka usiku kuchoma mkate wa sinia na kukaanga maini. Salimu akateremka kwenda kusali alfajiri, na hakurudi. Msikiti uko hatua ishirini kutoka mlango wetu. Nilikaa kitandani nikisikiliza ngazi mpaka jua likafika ukutani, chai ikapoa, Mama akaja kuchungulia mara mbili.

Alipoingia nilimrukia kumkumbatia, na pua yangu ikakwama begani pake. Kanzu ilinuka moshi wa kuni. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na tone la uji wa mtama, halijakauka.

"Ulikuwa wapi?"

"Barazani. Wazee walinishika na maneno."

Shangazi, wazee wa baraza za Kibokoni hawapiki uji.

Aibu iliyoje, bwana harusi kunywa uji nje siku ya tatu! Mama angejua angesema tunamlaza na njaa. Lakini mimi sikumfikiria Mama. Nilijiuliza: ni nani aliyempikia?

Siku ya nne akakawia tena. Ya tano pia. Kila siku ni baraza, na kila siku ni moshi. Siku ya sita nilijificha nyuma ya pazia la dirisha la juu, nikamwona akitoka msikitini. Alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha akakunja kushoto, njia ya shuleni.

Shuleni! Shule yetu ile ile, ambako wewe umewapikia watoto uji wa bure miaka yote hiyo, nami nimewasomea darasa la tatu hadithi kila alasiri tangu nimalize kidato cha nne. Mambo ya asubuhi pale siyajui, maana wajua ulivyoniita kwa usingizi wangu: "msichana wa saa tatu". Nikakaa nikipiga hesabu za wivu. Nani yuko shuleni saa kumi na mbili? Nikamkumbuka Mwalimu Pendo, yule mgeni aliyetoka Kaloleni, anayekaa chumba cha karibu na lango na kucheka kwa vishimo vya mashavuni. Alikuwa ameniletea zawadi ya harusi, bilauri sita za maua. Nikazisukuma chini ya kitanda. Kila nilipomwona Salimu akitabasamu peke yake, nilimbebesha binti wa watu dhambi nyingine.

Sikumwambia mtu. Wewe ndiwe ambaye ningekuambia.

Fungate ikaisha. Jumatatu yake nilivaa buibui, nikajifunika ninja, yakabaki macho tu. Nikamfuata. Alipitia nyuma ya darasa la kwanza, kwenye lile jiko lako la mabati, akaingia. Nikasikia mwanamke anacheka ndani. Nilisogea mpaka ukutani, nikatega sikio.

Kisha nikaitambua sauti. Ni Mama Charo, mwenzako wa jikoni.

"Koroga, bwana harusi! Ukiacha utashika chini. Ama huko kwenye fungate wamekulegeza mikono?"

"Niache, Mama Charo. Juzi ulinichelewesha, mke wangu karibu anishike."

"Kwani hujamwambia bado?"

"Nilimwahidi marehemu."

Marehemu ni wewe. Nikaingia. Mwiko ulimponyoka, uji ukamrukia kifuani. Mama Charo akanitazama kuanzia ninja mpaka chini, akasema, "Mungu wangu, hina hii naijua." Salimu akasema "Zuhura", na mara hiyo hakulivuta.

Alinieleza yote huku akikoroga, kwa sababu uji haungoji ugomvi wa watu. Kwamba alinitaka tangu alipokuja kujitolea kutengeneza madawati. Kwamba alikujia wewe kwanza, kwa adabu, akuulize kama posa yake itapokelewa. Nawe ukamwambia: "Posa yako nitaisimamia. Lakini asubuhi zako ni zangu mpaka siku ya nikahi. Bega langu halinyanyui mwiko tena, na Zuhura asijue." Akakuuliza kwa nini nisijue hata habari yake yeye. Ukamwambia: "Huyu apenda mapenzi yashuke kutoka juu. Mwache nayo."

Nilirudi nyumbani bila kuaga. Sikusema naye siku mbili. Nililala nikitazama ukuta.

Fikiria, Shangazi. Mimi nilikuwa nikiwasimulia rafiki zangu jinsi macho yetu yalivyokutana juu ya dawati bovu, na hakuna aliyetutambulisha, na upepo uliingia dirishani wakati ule ule. Kumbe kulikuwa na makubaliano jikoni! Nikajiuliza kama nilipendwa, au nilitolewa nipate kuwa malipo ya mkono wa kukoroga. Na nilipoanza kushuku sikuweza kusita. Kila alasiri ulikuwa ukiniambia, "Mpelekee fundi maji, mwanangu, ana kiu." Mbona wewe ulijua kiu yake kuliko yeye? Na mbona madawati yaliyokuwa yakivunjika ni ya darasa la tatu tu, darasa langu, na yaliyotengenezwa Jumanne yalilegea Alhamisi? Siku moja niliona bisibisi kwenye kikapu chako, chini ya unga. Ukasema ni ya kukazia mpini wa sufuria. Sufuria ile haina mpini, Shangazi. Ina masikio.

Lakini lililoniuma zaidi ni bega. Salimu alijua bega lako miezi mingi kabla ya daktari kutuambia habari ya uvimbe. Kijana wa watu, hata hajaleta barua ya posa, alijua. Mimi nilikukanda mgongo na mabega kila Alhamisi, nikakuuliza hapa panauma, ukasema ni uzee, kanda tu. Nilikuwa nimeweka mkono juu yake. Nilikuwa nimeweka mkono wangu mwenyewe juu yake na sikujua.

Siku ya tatu ya kununa nilimvizia Mama Charo saa tano, Salimu akiwa kazini kwake. Alikuwa akiosha vikombe vya watoto. Nikamuuliza wazi: "Salimu alinitaka mwenyewe, au aliambiwa anitake?"

Hakuinua hata uso. "We mtoto, ahadi yake kwa Bi Tima iliisha siku ya nikahi. Mimi mwenyewe nilimwambia, nenda kastarehe na mkeo, nitatafuta mtu. Siku ya tatu namwona huyo mlangoni na kanzu ya harusi. Namuuliza wataka nini hapa, wewe si mali ya watu? Akaniambia mama mkwe anampikia maini kila asubuhi, na hayapiti, akiwawaza wale wadogo wa darasa la kwanza." Akasuuza kikombe. "Hakutumwa na mtu. Na hilo la kukutaka, kamuulize mwenyewe. Mimi nilichokiona ni kwamba siku ukipita uani, uji unashika."

Nilirudi kwa njia ya bandari ya zamani nikilia ndani ya ninja. Dereva wa tuktuk akapunguza mwendo, akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Halafu nikamwambia hapana, nimeolewa. Akaniangalia, akaondoka.

Sasa nikuambie ninavyoamini. Wewe naendelea kukushuku. Nashuku ulimfunza Mama Charo maneno ya kusema nikija kuuliza, maana hilo la uji kushika ni tamu mno kuwa lake. Nashuku bisibisi, maji, na hata kule kukohoa kwako kila tulipokaribiana. Lakini siku ile ya tatu hukuwa na njia ya kumtuma mtu. Ulikuwa chini ya udongo. Alinyanyuka mwenyewe kutoka kwenye kitanda cha fungate, akaniacha mimi na maini, akaenda kuwapikia watoto wasio wake, kisha akaniongopea vibaya, kwa sababu hajui kuongopa. Hilo hukulipanga. Hilo ni lake, na nimelipenda kuliko ule upepo wa dirishani.

Nilimwendea Mwalimu Pendo nikamwomba radhi. Hakujua hata ninamwombea radhi kosa gani. Alicheka, na vishimo vyake ni vizuri, basi.

Tangu Jumatatu ya wiki hii ninaamka. Ndiyo, mimi! Tunatoka pamoja baada ya sala, yeye akoroga, mimi napepeta unga na kupanga vikombe, na Mama Charo atutukana wote wawili sawasawa. Jana Salimu akaniuliza, mwiko mkononi, "Sasa umeniamini?"

Nikamwambia, "Nusu. Hiyo nusu nyingine utaikoroga."

Alicheka mpaka moshi ukamwingia.

Haya, Shangazi, nakuacha upumzike, mwanamke mjanja wewe. Mungu akupe nafasi kubwa huko, na mikono ya kukusaidia bila kuificha. Uji hautakatika, hilo usiulize. Ahadi yangu kwako ni nyingine: siku bega langu litakapoanza kuuma, nitamwambia mume wangu siku hiyo hiyo, kabla chai haijapoa. Siri yako moja imenitosha.

Mtoto wa kaka yako,
Zuhura